Ncha Iliyokosekana

Sindano ilivunjika saa nne asubuhi, na ndiyo iliyomfanya Mama Viraka afungue daftari.

Lilikuwa daftari la kawaida la mistari, limechakaa pembe. Kila sindano iliyowahi kumvunjikia tangu aanze kushona nyumbani ilikuwa imebandikwa humo kwa selotepu, kipande baada ya kipande, mpaka ikaonekana nzima tena, na tarehe pembeni. Tabia hiyo aliitoa kiwandani. Kwa miaka tisa alishona kola za mashati kwenye kiwanda kikubwa, na huko sindano ikivunjika mashine inazimwa. Hupewi mpya mpaka uonyeshe vipande vyote vya ile ya zamani. Kikikosekana kipande kidogo kama chembe ya chumvi, mstari mzima wa mafundi unapiga magoti kutafuta, msimamizi kawasimamia na saa mkononi. Kiwanda kilikuja kufungwa, tabia ikabaki. Dada yake mkubwa, aliyeshiriki naye chumba cha kazi, aliliita daftari lile makaburi ya sindano.

Akabandika vipande vya asubuhi hiyo. Viwili, vimetimia. Halafu jicho lake likapanda juu kidogo, kwenye sindano ya jana.

Shina lilikuwepo. Kipande cha katikati kilikuwepo, mpaka kwenye tundu la uzi. Baada ya tundu, pale ncha ya sindano ya cherehani inapokuwa, hapakuwa na kitu.

Alipitisha kidole juu ya selotepu, taratibu, kwenda na kurudi. Ilikuwa laini kabisa. Akavaa miwani, akatazama tena.

"Dada," akaita. "Jana sindano ilivunjika nikishona nini?"

"Si sketi ya mtangazaji?" dada yake akajibu kutoka mezani, anapiga pasi. "Wiki nzima umeshona kitu kingine? Hata kula ulikuwa unasahau."

Sketi ilikuwa imechukuliwa jana jioni. Leo saa sita ingevaliwa ukumbini, kwenye onyesho la nguo zilizoshonwa kwa vitu vya kutupa.

Sauti ya mtangazaji yule ilijulikana kila nyumba yenye redio. Wachache ndio waliojua kwamba alitangaza akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mwaka wa saba sasa tangu ajali ya gari. Kuanzia kiunoni kwenda chini hakuhisi chochote. Siku aliyokuja kwa Mama Viraka alileta gunia, ndani yake suruali kumi na moja za jinzi.

"Hizi nilizivaa nilipokuwa natembea," alisema. "Mama amezificha chini ya kitanda chake kama anamngoja mwenyewe arudi safari. Nimezitupa jalalani mara mbili, na mara mbili amezirudisha."

"Sasa mimi nizifanye nini, mwanangu?"

"Zikate. Nitengenezee sketi ndefu, pana, imwagike mpaka kwenye magurudumu. Nataka mtu akinitazama aone sketi kwanza. Kiti atakiona baadaye, akipata nafasi."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Mama Viraka. Nguo mpya hakushona. Watu walimletea nguo za kutupa, za aibu, za marehemu, za unene uliopita na wembamba usiorudi, naye akazifumua, akazifua, akazikata, akazipanga sakafuni siku mbili tatu akizizunguka bila kusema neno, kisha akashona. Mtu aliondoka na nguo ambayo hakuna mwingine mjini aliyekuwa nayo, na ambayo ilikuwa yeye mwenyewe kabisa.

Alipokuwa akimpima, mtangazaji alimshika mkono.

"Nisikilize vizuri, fundi. Hapa ninapokalia sitaki kifungo, sitaki mfuko, sitaki mshono mnene. Mwaka wa pili kifungo cha shati kilidondoka kwenye kiti. Kifungo tu. Nikakikalia kutwa, natangaza, nacheka, sina habari. Jioni mama akaona alama. Alama ikawa kidonda, kidonda kikala mpaka mfupa. Miezi mitano nimelala kifudifudi. Daktari alishamwambia mama ajiandae."

Alilisema hilo kwa sauti ile ile ya kutangaza hali ya hewa. Lakini Mama Viraka lilimkaa moyoni. Aling'oa kwa koleo kila kijifungo cha chuma kwenye mifuko ya zile jinzi na kukitia koponi. Sehemu ya kukalia hakuitengeneza kwa jinzi kabisa. Alitumia mashati matatu ya mtumba, ya pamba iliyokonda kwa kufuliwa, na chini yake akaweka bitana. Kila mshono aliupigia pasi ukalala chali kama karatasi.

Sasa, amekaa mbele ya daftari, alijilazimisha kukumbuka jana, hatua kwa hatua.

Ulikuwa mshono wa mwisho, pale ukanda wa jinzi ulipokutana na pamba ya kukalia, upande wa kulia. Sindano ikapanda juu ya pindo nene. Kacha! Akazima mashine, akaokota shina, akaokota kipande cha pili. Na wakati huo huo, kutoka redio ya juu ya kabati, ile sauti ikasema: "Na nguo nitakayoivaa kesho, wasikilizaji, imeshonwa na mama mmoja, anaitwa Mama Viraka. Shikeni jina hilo."

Aliruka kama mtoto. "Dada! Dada, nimetajwa redioni!" Dada yake akatoka mbio na mikono ya povu, wakashikana, wakazunguka chumba wakipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Aliporudi kukaa alifungua kiganja, akabandika kilichokuwemo, akaandika tarehe, akatia sindano mpya. Miaka tisa ya kiwandani na kumi na miwili ya nyumbani, hakuwahi kubandika bila kuhesabu. Jana furaha ilimfunga macho.

Alipindua cherehani. Akafungua kisahani cha chini, akatoa bobini, akapuliza mavumbi ya nyuzi juu ya karatasi nyeupe. Hakuna. Akafagia chumba kuanzia ukutani kwenda mlangoni, akapitisha sumaku kwenye takataka. Sumaku ikabeba pini nne na kibanio cha nywele. Akapiga magoti, akatazama nyufa za sakafu moja baada ya nyingine. Dada yake akaweka pasi pembeni, naye akapiga magoti bila kuuliza tena.

"Labda iliruka," alisema baada ya muda. "Sindano zinaruka. Moja yangu iliwahi kunigonga kwenye miwani."

"Na kama haikuruka?"

"Mdogo wangu." Dada yake akakaa kitako sakafuni. "Sketi ina mita tisa za kitambaa. Ncha yenyewe ni ndogo kuliko kiroboto. Ukienda kule ukasema umeacha sindano kwenye nguo ya mtu, na mtu mwenyewe ndiye aliyekutangaza, kesho nani atakuletea hata kitambaa cha meza? Fikiri kwanza."

"Nimefikiri. Mshono wenyewe ni wa makalioni."

Dada yake akavua viatu vyake vya mpira, akamsukumia.

"Vaa hivi. Hizo kandambili zitakuangusha."

Alipiga simu ya mtangazaji mara sita. Haikupatikana. Bila shaka ameizima, alijiambia, anajiandaa. Namba ya mama yake hakuwa nayo. Alivipachua vile vipande viwili vya sindano ya jana daftarini, akavifunga kwenye kikaratasi ili ajue hasa anatafuta urefu gani, akatumbukiza kisu chake kidogo cha kufumulia mfukoni, akatoka.

Kwenye pikipiki alimkumbatia dereva kama anayezama.

"Mama, hivyo nitashindwa kupumua, na mimi ndiye ninayeendesha."

"Samahani, baba. Kimbia."

"Tukimbie au tufike?"

Kila walipopita kwenye tuta pikipiki ikaruka na kutua, naye akawaza: mtangazaji pia yuko kwenye kiti, anasukumwa kwenye barabara kama hii, anaruka na kutua, na ile ncha iko chini yake, na hajui. Mtu mwingine angepiga kelele, angeinuka, angesema nini hiki kimenichoma. Yeye angeendelea kucheka.

Mlangoni pa ukumbi mlinzi alinyoosha mkono. "Kadi?"

"Sina. Mimi ndiye niliyeshona."

"Mama, leo kila mtu ameshona. Ndiyo shughuli yenyewe."

Kweli. Nyuma yake walipita vijana wawili, mmoja kavaa koti la miavuli iliyovunjika, mwingine gauni la tai za kiume, mamia ya tai, zinamchezea miguuni. Mama Viraka hakuwa mtu wa kubishana. Alimwinulia mlinzi mikono yake miwili, vidole vimetobolewa na kukatwakatwa, vinatetemeka. Yule mlinzi alivitazama, kisha akamtazama usoni.

"Kuna mtu anaumwa?"

"Sijui bado."

"Pita mlango wa nyuma. Usiseme ni mimi."

Alitokea pembeni ya jukwaa, nyuma ya pazia, akaiona sketi yake.

Ilikuwa imeenea pande zote mbili za kiti kama maji. Rangi za buluu kumi na moja, kutoka iliyoiva mpaka iliyopauka, zilishuka kwa mikanda ikapanuka kuelekea chini, na pale zilipokuwa alama za magoti ya zamani, pale mwenyewe alipopiga magoti, alipopanda, alipoanguka na kuchanika, Mama Viraka alikuwa amezitarizia kwa uzi mwekundu badala ya kuzificha. Magurudumu hayakuonekana. Alionekana mwanamke amekaa juu ya kitu kinachotiririka. Watu mia tatu walikuwa kimya wakimsikiliza.

"Miguu yangu iko hapa," alikuwa akisema, kiganja juu ya paja. "Yote. Ile ya zamani na hii."

Wakapiga makofi. Naye, wakati wa makofi, akaweka mikono miwili kwenye pande za kiti, akajiinua, akabaki hewani kidogo, akajishusha. Mama Viraka alijua kwa nini. Hospitali walimfundisha ajiinue kila baada ya dakika chache, nyama ya chini ipate damu. Mtangazaji mwenyewe hakujua kwamba kila anapojishusha anashuka kidogo upande wa kulia.

Dakika zikapita. Akajiinua tena. Akajishusha, upande wa kulia.

Mama Viraka alisikia ncha ile kwenye mwili wake mwenyewe. Angeweza kungoja amalize. Labda nusu saa tu. Labda hakuna kitu, labda ncha iko kwenye ufa wa sakafu nyumbani, na yeye atakuwa ameharibu siku hii ya mtu kwa woga wake. Maneno ya dada yake yakamrudia, yote, kwa mpangilio. Halafu akaona mikono ya mtangazaji inashika tena pande za kiti.

Alitoka. Hakukimbia. Alipanda jukwaani ameinama kama fundi anayekwenda kuweka sawa nguo, akapiga magoti, akashika pindo. Watu wakacheka kwa upole. Akainua uso.

"Mwanangu, usijishushe," alinong'ona. "Kuna ncha ya sindano ndani ya sketi. Upande wa kulia. Ni kosa langu."

Hakukumbuka kipaza sauti kilichobanwa kwenye kola ya mtangazaji. Mnong'ono wake ulitoka kwenye spika zote nne, mkubwa, wenye pumzi, ukafika mpaka mlangoni.

Mtangazaji alikuwa bado hewani, mikono imekaza, mishipa imemsimama. Kwa mara ya kwanza Mama Viraka alimwona ameogopa, na uso wa woga ulimfanya aonekane mdogo sana. Kisha ile sauti ikatoka, laini, haina mkwaruzo:

"Wapendwa, sketi inamdai fundi wake. Pigeni muziki."

Walimbeba bila kumkalisha, wakamlaza kifudifudi kwenye meza ya chumba cha kuvalia, juu ya rundo la makoti ya watu. Mama yake, mwalimu mstaafu mwenye miwani mizito, alifika anahema, akafunga mlango kwa ufunguo, akamvua sketi.

"Mnaona nini?" mtangazaji akauliza, shavu limelalia mkono wa koti.

"Ngoja."

"Mama, mnaona nini?"

"Macho yangu hayaoni vizuri." Mwalimu akageuka. Sauti yake ilikuwa kavu. "Tazama wewe. Wewe ndiye uliyefanya."

Mama Viraka akainama. "Kuna nukta," alisema. "Nyekundu. Upande wa kulia, chini ya kalio. Ndogo, kama ya kalamu."

"Inatoka damu?"

"Imekauka."

"Iko ndani?"

"Sijui. Unasikia maum..." Alijiuma ulimi. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Mtangazaji alicheka kicheko kifupi, cha puani.

"Endelea, fundi. Nikisikia nitakwambia."

Hapo ndipo Mama Viraka alipoelewa alichobakiwa nacho. Kama ncha iko ndani ya sketi, basi haimo mwilini mwake. Hapakuwa na njia nyingine ya kujua pale, saa ile. Alitandaza sketi sakafuni, akatoa kisu cha kufumulia.

Alianza na mshono wenyewe. Akakata uzi, akafungua, akaukung'utia kwenye karatasi nyeupe, akapitisha vidole. Hakuna. Mshono wa jirani. Hakuna. Mwalimu alisimama juu yake, hasemi, na ule ukimya ulikuwa mbaya kuliko saa ya msimamizi. Kanda zikaachana moja moja. Wiki nzima ya kazi ikalala sakafuni, buluu huku, buluu kule, na kila kipande alichokiweka kando kikiwa kitupu kilimsogeza karibu na lile asilotaka kulifikiri. Bitana ya kushoto, hakuna. Upindo wa kiuno, hakuna. Mikono ilianza kumkataa. Alikata uzi, akakata na kitambaa, akajikata kidole, akaendelea.

"Umefika wapi?" sauti kutoka mezani.

"Nimebakiza bitana ya kulia."

"Ikikosekana?"

"Tunakwenda hospitali wapige picha."

"Sikuulizi tutakwenda wapi. Nakuuliza ikikosekana."

Mama Viraka akaingiza kisu kwenye bitana ya kulia.

Ilikuwa kwenye bitana, imesafiri shubiri nzima kutoka iliporukia, imechomeka kwenye pamba kwa mshazari, nusu huku nusu kule. Aliigusa kwa kidole kilichokuwa kinavuja damu, na hata hivyo akaitambua. Akaichomoa. Akafungua kikaratasi, akaiunganisha na vile viwili. Akavaa miwani, akaangalia kama ncha yenyewe haijamegeka.

"Imetimia," alisema, na akalia pale pale sakafuni.

Hakuna aliyemwambia nyamaza, hakuna aliyemwambia pole.

Daktari wa jioni ile aliisafisha nukta, akapiga sindano ya kinga, akasema kwamba kwa mtu mwingine isingekuwa kitu. Kwa huyu, siku kumi za kulala kifudifudi na kuangaliwa kila asubuhi. Ikipanuka, ikibadilika rangi, aletwe siku hiyo hiyo.

"Utakuja wewe kutazama," mwalimu akamwambia Mama Viraka. "Usije na maneno. Njoo na macho."

Akaja. Siku ya kwanza na ya pili nukta ilikuwa nukta. Siku ya tatu pakawa na wekundu kuizunguka, kama punje ya dengu.

"Imepanuka," Mama Viraka alisema.

"Kiasi gani?" mtangazaji akauliza. "Sema kifundi."

"Nusu ya upana wa kidole changu kidogo."

Mtangazaji alifumba macho. "Unajua kinachoniuma, fundi? Watu mia tatu walikuja kuona sketi, wakaondoka wanazungumzia makalio yangu. Redioni wamenitumia ujumbe mpaka simu imechemka. Pole na makalio. Pole na makalio. Miaka saba nimeficha kiti, wewe kwa dakika moja umewapa mpaka kilicho juu ya kiti."

Waliita gari, wakampeleka hospitali. Daktari akaongeza dawa, akasema wangoje. Wakangoja. Siku ya nne haikubadilika, ya tano pia haikubadilika. Usiku Mama Viraka alilala akiuona ule wekundu kwenye dari. Cherehani yake ilikuwa na vumbi. Wateja wawili walikuja kuchukua nguo zao zikiwa bado hazijashonwa, na dada yake akawapa bila kuuliza sababu.

Siku ya saba wekundu ulirudi nyuma. Ya tisa kigaga kikadondoka chenyewe kwenye shuka. Ya kumi alitazama, akasafisha miwani, akatazama tena, akamwita mwalimu asogee, ingawa alijua haoni.

"Ngozi imefunga," alisema. "Nzima."

Mwalimu alikwenda jikoni. Walisikia bomba la maji limefunguliwa, muda mrefu, kisha likafungwa.

Mtangazaji alijigeuza, akajiinua kwa mikono mpaka akaegemea ukuta. Alikuwa amekonda. Akaonyesha kidole kwenye gunia lililokuwa kona ya chumba, lile lile lililoleta zile suruali, sasa limejaa kanda za sketi iliyofumuliwa.

"Haya. Nishonee tena."

"Siwezi, mwanangu. Tazama." Alinyoosha mikono. Ilikuwa inatetemeka vile vile kama mlangoni pa ukumbi. "Nikiwasha mashine nasikia kacha. Sijui nitavunja nini mara hii."

"Nani kakwambia uwashe mashine? Shona kwa mkono. Hapa, nikikuona."

"Hata kwa mkono..."

"Fundi. Huku chini sihisi kitu, sawa. Lakini hii," akainua mikono yake, vidole virefu, "hii inahisi mpaka vumbi. Ukimaliza mshono, nipe. Nisipouridhia, unafumua. Tutakwenda hivyo mpaka mwisho, hata ikiwa mwaka."

Mama Viraka alikaa ukingoni mwa kitanda. Alitunga uzi mara ya nne ndipo ukaingia. Akatoa kanda mbili, buluu iliyoiva na buluu iliyopauka, akaanza, mshono mfupi mfupi, anahesabu kwa midomo. Ilimchukua karibu saa nzima kufika mwisho. Akakata uzi. Akaichomeka sindano kwenye kola yake, akaishika kuhakikisha ipo. Akampa.

Mtangazaji alifumba macho. Akauchukua mshono katikati ya vidole viwili, akaupitisha polepole, sentimita kwa sentimita, mara akasimama, akarudi nyuma kidogo, akabonyeza.

"Hapa kuna fundo."

"Ni la uzi tu."

"Najua ni la uzi. Lifumue."

Akalifumua.